Mdogo Wangu Alisema Baridi, Mimi Nikaona Shetani

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane, mkaazi wa Malindi hapa Unguja mjini. Kazi yangu kushona kofia. Mtaani kwetu nasifika kwa mambo mawili: mkono mwepesi wa sindano, na mdomo. Sikatai! Anayenichokoza hulala na majibu yake. Lakini mdomo huu huu, siku ulipotakiwa useme neno moja la kweli, uliapa uwongo... na uwongo huo umenila miaka mitano.

Nisomeni mpaka mwisho, kisha nihukumuni mtakavyo. Sitateta.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na Zuwena, na baina yetu ni miaka kumi na miwili. Baba alitangulia zamani. Mama alipofariki Zuwena alikuwa na miaka saba, na neno la mwisho aliloniambia Mama lilikuwa, "Raya, huyo nakuachia." Basi. Nilimlea mimi. Nilimsuka mimi, nilimpeleka chuoni kusoma Kurani mimi, na alipovunja ungo nilimfunda mimi. Hata nilipoolewa nilikwenda naye, na mume wangu, Mungu amrehemu, hakusema kitu.

Alikuwa mpole, si kama mimi. Akicheka hujiziba mdomo kwa ncha ya kanga, kwa sababu ya jino lake moja lililopanda juu ya jingine. Nilikuwa nikimtania, "We mwana, jino hilo ndilo litakalokupatia mume!" Kumbe kweli... Alipotimiza miaka kumi na tisa alikuja kuposwa na kijana karani wa bandarini, mtu wa heshima zake. Harusi tukaipanga iwe mara baada ya Idi.

Sasa nikuelezeni jambo moja, maana bila ya hilo hamtafahamu kosa langu.

Zuwena alipokuwa na miaka kumi na minne alianguka uani siku moja, akatetemeka mwili mzima. Shangazi yetu, Bi Mize, dada yake baba, akampeleka kwa mganga. Mganga akasema mtoto ana shetani wa kurithi, katoka kwa bibi yake. Shetani huyo hataki nguo ya sufi, hataki harufu kali. Akipanda, mtandikieni shuka jeupe, mnyunyizieni marashi, mnywesheni kombe. Kombe, kwa asiyelijua, ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa.

Alipanda mara mbili baada ya hapo. Mara zote mbili tukafanya tulivyoambiwa, na mara zote mbili mtoto akatulia. Basi tukaamini. Nani asingeamini?

Zilikuwa zimebaki wiki tano harusi. Asubuhi moja Zuwena akaniambia tumbo linamuuma. Nikamkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Wapi! Kila nikimgusa upande wa kulia anapiga kelele. Ilipofika saa nne alikuwa kajikunja kama jongoo, anatapika maji matupu. Mchumba wake alipopata habari akaja na gari, tukamkimbiza hospitali.

Daktari, Mzungu, alimbonyeza mara mbili tu. Akasema ni kidole tumbo, apasuliwe leo hii, kikipasuka ndani hatumpati. Nikakubali. Ningefanya nini?

Shangazi Mize aliposikia neno kupasuliwa alijishika kichwa. "Watamuudhi yule!" akaninong'oneza, na nilijua anamsema nani. Akatoka mbio kwenda kwa Mwalimu wetu wa Kurani kuchukua kombe. Akarudi na kikapu: chupa ya kombe, mrashi umejaa marashi, na shuka jeupe lililopigwa pasi. Akanikabidhi mimi, kwa sababu niliyeruhusiwa kukaa ndani na mgonjwa ni mimi peke yangu.

Zuwena alitolewa chumba cha upasuaji baada ya adhuhuri. Ananuka dawa ya usingizi, midomo kama aliyekula zambarau. Wakamlaza kitanda cha mwisho kando ya ukuta, wakavuta pazia. Na nesi aliyewekwa kumwangalia alikuwa nani? Asya!

Asya nilimjua tangu yu mdogo. Mama yake alikuwa akitoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kila asubuhi na sinia la vitumbua, akiuza barazani kwetu, na Asya yuko nyuma yake na kikapu. Leo huyo, kavaa gauni jeupe, hana buibui, ananipa amri mimi! Siku zile msichana wa Kiislamu akiwa nesi huwa maneno mji mzima. Atashika wanaume, atalala nje ya kwao... Na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa mmoja wa waliosema. Asya alijua kama nimesema. Hata hivyo alinipokea kwa adabu zote.

"Shikamoo, Dada Raya."

Nikamjibu kwa kidevu.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake. "Dada, akianza kuamka atatetemeka. Usishtuke. Dawa ya usingizi inamwondoshea mtu joto lake, na kule ndani kalala muda wote tumbo liko wazi. Muachie blanketi zake, na kichwa kilale upande. Na asinywe kitu, hata tone, mpaka nikwambie mimi. Koo lake bado limelala."

Nilisikia. Naapa mbele yenu, nilisikia kila neno! Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nikidhani mkuu ni mtu mzima. Sikujua kama siku nyengine mkuu wako ni mtoto wa muuza vitumbua.

Haukupita muda, Zuwena akaanza. Kwanza kidevu. Kisha mabega. Kisha mwili mzima, meno yanagongana, kitanda cha chuma kinalia. Asya akaja, akamshika miguu, akaongeza blanketi la tatu. Mkono wangu ukaenda kuliondoa, maana ni la sufi. Asya akautoa mkono wangu. Hakunipiga, aliutoa tu.

"Dada, usilitoe. Anataka joto huyu. Nnakwenda kujaza chupa za maji ya moto nimwekee miguuni. Jiko liko chini, sasa hivi nnarudi."

Akaondoka. Damu ikanichemka. Nitolewe mkono mimi? Na huyu? Juu ya mtoto niliyemlea mwenyewe?

Hapo Zuwena akafumbua macho nusu. Akaniona. Sauti haitoki vizuri, akasema, "Dada... baridi."

Jamani! Kasema kwa mdomo wake. Kuna neno lililo wazi kuliko hilo? Mtu akikwambia ana njaa, unampa chakula. Akikwambia ana baridi, unamfunika! Mimi nikainama sikioni mwake, nikamjibu shetani. Nikasema, "Tumekusikia. Tulia, usimuumize mtoto."

Nikamvua zile blanketi, moja, mbili, tatu, nikazitupa chini ya kitanda. Nikamfunika shuka jeupe. Nikashika mrashi nikamnyunyizia usoni, kifuani, miguuni, marashi ya baridi juu ya mwili uliokwisha kuwa baridi... na alivyozidi kutetemeka ndivyo nilivyozidi kuamini. Kisha nikamwinua kichwa, nikamtilia kombe mdomoni. Alikuwa na kiu, maskini. Funda la kwanza likapita. La pili likaenda siko.

Akapaliwa. Hana nguvu za kukohoa. Macho yakamtoka, uso ukabadilika rangi... Nikapiga ukelele, "Asyaaa!" Naam, jina nililoliita lilikuwa lake.

Alikuja mbio na chupa zake za moto, akazitupa, akamgeuza ubavu, akamtia vidole kinywani, akampiga mgongoni, akaleta mpira wa kumvuta maji kooni. Pumzi ikarudi. Akamkausha, akamfunika blanketi zote, akazipanga chupa miguuni. Alimrudisha kwa mikono yake miwili, mbele ya macho yangu. Ndipo akanitazama. Shuka limeroa, mto una doa la manjano, pazia zima linanuka marashi.

"Dada Raya, umemnywesha nini?"

Nikasema sijampa kitu.

Angeishia hapo, pengine dhambi yangu ingekuwa ndogo. Lakini alichutama mbele yangu, akanishika magoti. "Sikugombezi, Dada. Niambie tu, nimwambie daktari. Ikiwa kimeingia kifuani, lazima ajue leo."

Na mimi nikasema, "Wallahi sijampa kitu."

Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mdogo wangu kalala mbele yangu! Kwa nini? Mnataka sababu kubwa? Hakuna. Ilikuwa aibu tu, aibu ya kuonekana mjinga mbele ya msichana niliyemcheka. Chupa ya kombe nilikuwa nimeikalia.

Asya alikwenda kumwambia daktari kwamba mgonjwa kapaliwa, na kwamba anashuku kanyweshwa kitu. Daktari akaja akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: amekunywa kitu? Nikamwambia hapana, ni mate yake. Akaniamini. Mimi ndiye mlezi wake, kwa nini asiniamini?

Siku ya pili baridi iliondoka, ikaja homa. Asya akamtia kipima homa kwapani, akakitazama, akakikung'uta, akakitia tena. Mwili uliokuwa barafu jana, leo ukiugusa unakuunguza. Pumzi fupi fupi. Daktari akasikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akanigeukia akaniuliza tena lile lile, alikunywa kitu? Nikatikisa kichwa. Zuwena akapigwa sindano, nyengine juu ya nyengine, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia.

Siku ya tatu alinitazama, akataka kucheka, mkono ukashindwa kufika mdomoni. Siku ya nne, mwadhini anaadhini adhuhuri, Zuwena wangu akakata roho.

Sandukuni mwake mlikuwa na doti kumi na mbili za kanga za harusi. Mpya, hazijafuliwa hata mara moja. Niliziona siku nilipokwenda kutafuta kitambaa cha kumfunga kidevu, nikaanguka hapo hapo juu ya sanduku. Ee Mola wangu!

Mnadhani basi ndipo niliposema kweli? Thubutu! Matanga hayajesha nikaitwa na Matroni, Mzungu, mkuu wa manesi. Akataka kujua mgonjwa alipaliwa vipi na nani alikuwapo. Nikamwambia nesi alimwacha akashuka chini, mgonjwa akabaki hana blanketi, anatetemeka kwa baridi. Si ilikuwa kweli kwamba Asya alishuka? Si ilikuwa kweli kwamba hakuwa na blanketi? Nani aliyezivua, sikuulizwa. Na mimi sikusema.

Asya akafukuzwa kazi.

Mimi nikapewa pole, yeye akapewa laana. Wanawake wakasema, "Si tulisema sisi? Mtu aliyelivua buibui lake atajali roho ya mwenzake?" Nilikuwa nimekaa mkekani, nasikia. Mimi, Raya, nisiyeshindwa kwa maneno, sikupata hata moja.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Mwalimu kumrudishia chupa yake. Akaniuliza marehemu aliumwa nini hasa. Nikamwambia alipasuliwa tumbo. Mzee wa watu akaduwaa.

"Alipasuliwa? Mbona Bi Mize hakunambia? Kanambia shetani wa mtoto kapanda, basi nikaandika. Mngenambia, ningekwambieni mpakeni kwenye paji la uso, imetosha. Aya za Mungu hazihitaji koo la mtu aliyelala."

Nilirudi nyumbani nikishika kuta kwa kuta. Mwenye elimu yake asingeniruhusu, nesi alinikataza, mgonjwa mwenyewe alisema baridi... Wote watatu walikuwa upande mmoja, na mimi peke yangu upande wa pili na kiburi changu. Na bado nikanyamaza! Mwaka, miwili, mitano. Nikikutana na mama yake Asya sokoni nageuza njia.

Mpaka mwezi uliopita.

Jirani yetu mmoja fundi seremala ana binti, Nunuu, miaka kumi na saba. Kasoma skuli, hodari, na kilio chake ni kimoja, anataka akajifunze unesi. Baba mtu hataki kusikia. Alasiri moja tumekaa barazani, mimi, Shangazi Mize na majirani wengine, kila mtu na kazi yake mkononi. Nunuu kasimama mlangoni kwao analia. Baba yake akatoka, akasema kwa sauti ili tusikie sote:

"Nikupeleke ukawe kama Asya? Aliyemwacha nduguye Bi Raya akafa kwa baridi? Si kweli, Bi Raya? Hebu mwambie huyu, maana mimi hanisikii."

Wote wakanigeukia. Na yule mtoto akanitazama, macho mekundu, anangoja. Ilibaki niseme ndiyo. Neno moja! Nimelisema mara ngapi kwa kunyamaza?

Nikasema, "Si kweli. Asya hakumuua mtu. Zuwena nimemuua mimi."

Nikahadithia yote, blanketi, marashi, kombe, kiapo. Kofia niliyokuwa nikiishona imenianguka miguuni, sina habari. Mtu mmoja akasema "Lahaula!" Shangazi Mize akanyanyuka, akavaa buibui lake, akaondoka. Tangu siku ile hajatia mguu kwangu.

Kesho yake nikenda Ng'ambo kwa Asya. Siku hizi anashona magauni, ana mume na mtoto mmoja. Habari ilikuwa imeshamfikia, mji wetu mnaujua. Nilimkuta kwenye cherahani. Nikamwangukia miguuni, nikalia mpaka sauti ikanikauka. Hakunifukuza. Aliniambia, "Nyanyuka, Dada, ukae kitako," kisha akaendelea kushona kidogo, nafikiri na yeye alikuwa akijizuia.

Nikamuuliza lile lililonikosesha usingizi miaka yote. Nikasema, Asya, lau ningekwambia kweli saa ile uliponishika magoti, Zuwena angekuwa hai leo?

Akasimamisha cherahani.

"Ungesema, daktari angeanza sindano jioni ile ile, asingengojea homa. Pengine angepona. Pengine asingepona. Mimi sijui, Dada, na wewe hutajua mpaka unaingia kaburini."

Halafu akaniambia langu kwake kanisamehe, tangu zamani, hakutaka kubeba mzigo wa mtu. Lakini la Zuwena si lake yeye kulisamehe. Nilikwenda pia kwa Matroni aliyepo sasa, nikasema kila kitu, kikaandikwa. Asya akaambiwa akitaka arudi. Hataki tena. Anasema ile hamu iliyompeleka mwanzo haimo moyoni. Hilo nalo ni mimi niliyeliua. Na baba yake Nunuu bado hajakubali, ingawa siku hizi hapigi kelele.

Ndugu zangu, hasa nyinyi dada zangu wa Unguja mnaokaa na wagonjwa, nakuombeni kwa jina la Mungu. Mtu akitoka kupasuliwa akatetemeka, mfunikeni na mumwite nesi. Ombeni dua zenu, nani aliyekukatazeni? Mimi mpaka leo naomba. Lakini msimtilie mtu kitu mdomoni hali mmekatazwa, na msimvue nguo mtu anayelia baridi. Mgonjwa akisema, msikieni yeye kwanza.

Na kama umeshakosea, umeshafanya lililofanyika, basi ukiulizwa sema! Sema hapo hapo, hata kama anayekuuliza humpendi, hata kama utachekwa mtaa mzima. Aibu utaizoea. Mimi niliulizwa mara nne, na mara zote nne mdogo wangu alikuwa bado yu hai.